Upimaji wa Kani baina ya Nyuso Zilizovikwa Polima zenye Chaji: Protini ya Mlonge na Maji ya Tope ya Tabora

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna kani baina ya nyuso mbili zilizovikwa polima zenye chaji za umeme zinavyopimwa, na yanachunguza vipimo hivyo vinaweza kusema nini kuhusu usafishaji wa maji ya tope kwa mbegu za mlonge mkoani Tabora. Hoja inayojengwa ni kwamba kipimo kilichozoeleka, ambamo nyuso zote mbili huvikwa polima hadi kushiba, hujibu swali tofauti na lile linaloulizwa na ndoo ya maji ya lambo. Ndani ya ndoo chembe za udongo huwa zimevikwa kwa sehemu tu. Mgongano unaoamua kama maji yatatakata ni ule wa sehemu iliyovikwa na sehemu iliyo tupu.

1.0 Utangulizi

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora katika karne ya 19 ulipita chini ya milima ya Uluguru, ukafika Mpwapwa, ukakatiza Ugogo, kisha ukaingia Mgunda Mkali, nchi ya vichaka na ukame iliyotenganisha Ugogo na Unyamwezi. Wapagazi waliijua nchi hiyo kwa maji yake, au kwa kukosa maji yake. Mwendo ulioitwa tirikeza ulitokana na hali hiyo: msafara ulipika na kunywa asubuhi, ukaondoka adhuhuri, ukalala njiani pasipo na maji, ukawahi dimbwi lililofuata siku ya pili. Richard Burton na John Speke walifika Kaze, mahali palipo jirani na mji wa Tabora wa leo, Novemba 1857, na maandishi ya Burton yanalitaja neno hilo mara nyingi. Dimbwi lililosubiriwa kwa saa ishirini na nne halikuwa lazima liwe na maji maangavu.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na kuyaondolea madimbwi yale umuhimu wake kwa msafiri. Kwa mkazi hayakuondoka. Mji wa Tabora ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima kwa miongo mingi, na katika miaka ya karibuni bomba la maji ya Ziwa Viktoria limefika Nzega, Igunga na Tabora. Hata hivyo, katika vijiji vilivyo mbali na bomba, lambo lililochimbwa ukingoni mwa mbuga bado ni chanzo cha maji ya watu na mifugo. Maji hayo hubadilika rangi kwa majira. Mvua zinazoanza Novemba huyajaza udongo, na kiangazi huyapunguza mpaka kinachobaki ni uji mwembamba wa mfinyanzi uliovurugwa na kwato za ng'ombe.

Ni kawaida kusema kwamba maji kama hayo yakiachwa yatatuama. Kauli hiyo ni kweli kwa mchanga, lakini si kweli kwa mfinyanzi. Chembe ya udongo yenye nusukipenyo cha mikromita 1, ikiwa peke yake katika maji yaliyotulia, hushuka takriban sentimita 30 kwa siku. Ikiwa nusukipenyo ni mikromita 0.1, hushuka milimita 3 tu kwa siku, na ndoo yenye kina cha sentimita 30 ingehitaji zaidi ya miezi mitatu. Kwa kuwa kasi ya kushuka hufuata mraba wa nusukipenyo, njia pekee ya vitendo ni kuzifanya chembe ndogo ziungane kuwa madonge. Swali la maji safi linakuwa, kwa sehemu kubwa, swali la kani: ni nini kinachozizuia chembe mbili zinazokaribiana zisishikane, na ni nini kinachoweza kuondoa kizuizi hicho?

2.0 Kinachozitenga chembe

Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba udongo wa Tanganyika hufuata mpangilio unaojirudia kutoka kilimani hadi bondeni: mwekundu au wa mchanga juu, mweusi wa mbuga chini. Tabora na wilaya zake ni mfano mzuri wa mpangilio huo. Miinuko ya mawe ya matale hutoa udongo ambao mfinyanzi wake mwingi ni wa jamii ya kaolini. Mabonde, likiwamo bonde kubwa la Wembere huko Igunga, yana udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, ambao mfinyanzi wake ni wa jamii ya smektaiti. Malambo huchimbwa penye mfinyanzi unaozuia maji yasipotee ardhini, na kwa hiyo maji yake mara nyingi hubeba aina hii ya pili.

Kipande kimoja cha smektaiti ni rundo la karatasi nyembamba mno. Kila karatasi ina tabaka la alumini katikati ya matabaka mawili ya silika, na baadhi ya atomi zake zimechukuliwa nafasi na atomi zenye chaji pungufu, hivyo uso wa karatasi hubaki na chaji hasi isiyoondoka. Majini, ioni chanya hukusanyika karibu na uso huo kama wingu. Uso na wingu lake kwa pamoja huitwa tabaka pacha la umeme. Chembe mbili zinapokaribiana mawingu yao hubanana, na kubanana huko ndiko kunakozaa msukumano.

Nadharia inayoeleza jambo hili ilitolewa na Derjaguin na Landau mwaka 1941, na kwa njia nyingine na Verwey na Overbeek mwaka 1948. Kwa mujibu wake, kani ya jumla ni hesabu ya vitu viwili: msukumano wa mawingu ya ioni, na mvutano wa van der Waals uliopo baina ya chembe zozote mbili za aina moja majini. Mvutano huo ni mkubwa karibu kabisa na uso na hufifia haraka. Unene wa wingu unategemea chumvi iliyomo. Katika maji yenye milimoli 0.1 ya chumvi ya kawaida kwa lita, wingu huenea takriban nanomita 30. Yenye milimoli 1, nanomita 10. Yenye milimoli 10, nanomita 3. Tarakimu hizi zitahitajika baadaye, kwa sababu lambo linalopoteza sehemu tisa kati ya kumi za maji yake kwa jua huongeza ukolezi wa chumvi zake karibu mara kumi. Lambo moja mwezi Machi na mwezi Septemba ni vimiminika viwili tofauti.

3.0 Protini ya mlonge

Mitambo ya maji hutumia shabu kuziunganisha chembe. Mlonge hufanya kazi kama hiyo, na matumizi yake yana historia ndefu. Samia Al Azharia Jahn aliyachunguza nchini Sudan, ambako wanawake waliochota maji ya mto Nile walijua kuyatakasa kwa mbegu zilizopondwa. Majaribio katika mtambo mzima yalifanyika Thyolo, Malawi, na yakaonyesha kwamba mbegu hizo zinaweza kufanya kazi hata nje ya ndoo ya nyumbani. Mti wenyewe, ambao asili yake ni chini ya milima ya Himalaya, umeenea Tanzania na hustahimili ukame.

Kiungo kinachofanya kazi ni kundi la protini ndogo zinazoyeyuka majini. Zina asidi amino za glutamini na arijinini kwa wingi, na kutokana na arijinini hubeba chaji chanya mpaka pH ipite 10. Maji ya malambo hayafiki huko, hivyo protini hizo huwa chanya daima, na udongo huwa hasi daima. Protini hunata juu ya uso wa udongo. Kitendo hiki kisichanganywe na ufyonzaji, ambao ni wa kitu kuingia ndani ya kingine. Hapa molekuli hubaki juu ya uso, zimeushika.

Maelezo ya kawaida huishia hapo: chanya hukutana na hasi, chaji zinafutana, chembe zinashikana. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayatoshi. Hayaelezi kwa nini kuongeza mbegu kupita kiasi hurudisha tope, wala kwa nini kipimo cha mbegu kilichofaa katika kijiji kimoja hushindwa katika kingine. Kuyaeleza hayo kunahitaji kujua kani yenyewe: inaanza umbali gani, ina ukubwa gani, na inabadilikaje kadiri uso unavyovikwa.

4.0 Kifaa na madini ya ulanga

Kani baina ya chembe mbili za udongo haiwezi kupimwa kwa urahisi, kwa sababu chembe ni ndogo na nyuso zake hazina umbo linalojulikana. Njia iliyopatikana ilikuwa kutumia uso mkubwa ulio laini kabisa. Madini ya ulanga yana sifa hiyo. Ulanga huchanika tabaka kwa tabaka, na fundi mzoefu anaweza kupata karatasi yenye unene wa mikromita chache ambayo, katika eneo la sentimita kadhaa, haina hata ngazi moja ya atomi.

Hapa njia ya misafara inaingia tena katika habari hii, safari hii kwa upande wa jiolojia. Milima ya Uluguru ina ulanga, na ulichimbwa huko tangu enzi ya utawala wa Wajerumani. Wapagazi waliopita chini ya milima hiyo kwenda Tabora walitoka kwenye nchi ya ulanga wakaenda kwenye nchi ya udongo mweusi, na madini haya mawili ni ndugu. Karatasi ya ulanga ina mpangilio uleule wa smektaiti: alumini katikati, silika pande zote mbili, chaji hasi isiyoondoka. Tofauti ni ya kiasi. Uso wa ulanga una takriban chaji mbili kwa kila nanomita mraba, na ule wa smektaiti una pungufu ya hapo, mara nyingi nusu au chini yake. Undugu huo ndio unaompa mtafiti haki ya kupima ulanga na kuzungumzia lambo, na tofauti hiyo ndiyo inayomtaka awe na tahadhari.

Kifaa cha kupimia kani za nyuso kilibuniwa Cambridge na Tabor na Winterton, walioeleza kazi yao mwaka 1969. (Jina la David Tabor halihusiani na mji wa Tabora, ambao jina lake husimuliwa kuwa limetokana na matobolwa, viazi vitamu vilivyopikwa na kukaushwa.) Kifaa hicho kilipima hewani. Israelachvili na Adams, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1978, walikiwezesha kupima ndani ya vimiminika, na tangu hapo kemia ya nyuso ilipata njia ya kuijaribu nadharia ya Derjaguin na wenzake moja kwa moja.

Utendaji wake ni kama ifuatavyo. Karatasi mbili za ulanga zenye unene sawa hupakwa fedha kwa nyuma, tabaka la takriban nanomita 50. Kila moja hubandikwa kwa gundi juu ya kioo chenye umbo la mcheduara, upande wa fedha ukiwa chini. Vioo viwili huwekwa vikitazamana, mhimili wa kimoja ukikatiza wa kingine kwa pembe mraba, ili nyuso zikaribiane katika nukta moja. Mwanga mweupe hupitishwa. Kati ya tabaka mbili za fedha ni urefu fulani tu wa mawimbi unaopita, na unaonekana katika spektramita kama mistari myembamba ya rangi iliyopinda. Nyuso zikisogea, mistari husogea. Kwa kuisoma, umbali baina ya nyuso hujulikana kwa usahihi wa takriban nanomita 0.1. Uso mmoja hushikiliwa na springi. Mwendeshaji anapousogeza uso wa pili kwa kiasi kinachojulikana, na mistari ikaonyesha kwamba umbali umebadilika kwa kiasi tofauti, tofauti hiyo ni mkunjo wa springi. Mkunjo ukizidishwa kwa ugumu wa springi hutoa kani.

Maelezo hayo mepesi yanaficha ugumu mwingi wa maabara. Ulanga ulikatwa kwa miaka mingi kwa waya wa platini uliopashwa moto, mpaka ulipozuka mjadala mkali kuhusu chembe ndogo za platini zilizorukia juu ya uso na kuuchafua. Vipimo kadhaa vilivyochapishwa vililazimika kusomwa upya. Mtafiti anayefikiria kuanzisha kazi hii katika maabara ya Afrika Mashariki atagundua kwamba gharama ya kifaa si kikwazo cha kwanza. Usafi wa hewa, wa maji na wa mikono huja kabla ya fedha.

Njia ya pili ni hadubini ya kani ya atomiki, iliyobuniwa na Binnig, Quate na Gerber mwaka 1986. Mwaka 1991 Ducker, Senden na Pashley walionyesha kwamba tufe dogo la kioo lenye kipimo cha mikromita chache linaweza kubandikwa kwenye ncha ya mkono wa hadubini hiyo, na kani baina ya tufe na uso bapa ikapimwa. Njia hii ni ya haraka na haihitaji ulanga pande zote. Udhaifu wake ni kwamba umbali haupimwi. Hukisiwa kutokana na mahali mkono unapoacha kupinda zaidi. Pale uso unapokuwa umevikwa polima laini, mahali hapo panaweza kuwa juu ya polima na si juu ya madini. Kwa suala la mlonge udhaifu huo si mdogo.

Matokeo ya vifaa vyote viwili hulinganishwa kwa kugawanya kani kwa nusukipenyo cha nyuso. Derjaguin alionyesha kwamba mgawo huo ni sawa na nishati kwa eneo la nyuso bapa, mara 2π. Kwa hiyo kipimo cha ulanga chenye nusukipenyo cha sentimita 1 kinaweza kushushwa mpaka kwenye chembe ya udongo. Mvutano wa milinyutoni 1 kwa mita, ambao ni wa wastani tu katika vipimo vya aina hii, humaanisha nanonyutoni 1 kwa chembe yenye nusukipenyo cha mikromita 1. Uzito wa chembe hiyo ndani ya maji ni kama sehemu moja ya 15,000 ya kani hiyo. Chembe zikishagusana penye mvutano huo, uzito wao peke yake hauwezi kuzitenganisha.

5.0 Kinachoonekana polima inaponata

Vipimo vingi vya nyuso zilizovikwa polima zenye chaji chanya vilifanywa Stockholm na Claesson, Dahlgren, Blomberg na wenzao katika miaka ya 1990, kwa polima za kutengenezwa na pia kwa kitosani itokanayo na magamba ya kamba. Sura iliyojitokeza ni hii. Ulanga mtupu katika maji yenye chumvi kidogo huonyesha msukumano unaoanza mbali na kukua kadiri nyuso zinavyokaribiana, sawasawa na nadharia. Polima kidogo ikiongezwa, msukumano huo hupungua, kisha hutoweka. Katika hatua hiyo chaji za polima zinatosha tu kuzifuta zile za ulanga.

Polima yenye chaji nyingi, katika maji yenye chumvi kidogo, hulala bapa juu ya uso kama kamba iliyotandikwa sakafuni. Nyuso mbili za namna hiyo zikiletwa karibu, hutokea mvutano ulio mkubwa kuliko ule wa van der Waals peke yake. Sababu inayokubalika ni daraja: mnyororo ulioshika uso mmoja hupata nafasi ya kuushika na wa pili. Nyuso zikitenganishwa, kani inayohitajika kuzibandua ni kubwa kuliko iliyoonekana wakati wa kukaribiana. Tofauti hii ya kwenda na kurudi ni ushahidi kwamba minyororo ilijipanga upya nyuso zilipokuwa zimegusana.

Chumvi ikiongezwa kabla polima haijanata, sura hubadilika. Chaji za mnyororo hufunikwa na ioni, mnyororo hauvutwi tena kwa nguvu ileile, na hujikunja kuwa vitanzi na mikia inayoelea majini. Tabaka huwa nene. Nyuso mbili zenye matabaka ya namna hiyo husukumana kwa sababu vitanzi hubanwa na hukosa nafasi, na msukumano huu haufutwi kwa kuongeza chumvi kama ule wa umeme. Polima ikizidi, uso uliokuwa hasi hugeuka kuwa chanya, na msukumano wa umeme hurudi kwa ishara iliyogeuzwa. Hapo ndipo lilipo jibu la mbegu zilizozidi: chembe zinazotengana tena si kwamba zimeikataa dawa, bali zimevikwa kupita kiasi.

Protini ya mlonge si mnyororo mrefu. Ni molekuli fupi, iliyokunjamana, na pengine ingetarajiwa kukaa juu ya uso kama kokoto. Kwaambwa, Hellsing na Rennie walichapisha mwaka 2010 vipimo vya kuakisi nyutroni kutoka uso wa silika uliowekwa katika myeyusho wa protini hiyo. Walikuta tabaka zito lenye takriban miligramu 5.5 kwa mita mraba na unene unaozidi nanomita 6, kiasi kisichoelezeka kwa molekuli mojamoja. Protini hushikana zenyewe kwa zenyewe wakati zikiushika uso. Tabia hiyo ya kupandana inaweza kufanya kazi ambayo katika polima ndefu hufanywa na mnyororo: kufika ng'ambo na kushika uso wa pili.

6.0 Kipimo kinacholihusu lambo

Ni rahisi kuchukua matokeo hayo na kupendekeza jaribio: vika karatasi mbili za ulanga protini ya mlonge hadi zishibe, pima kani, andika kama ni mvutano au msukumano. Jaribio hilo lina thamani yake. Lakini hesabu fupi inaonyesha kwamba haliigi kinachotokea katika ndoo.

Chukuliwa lita moja ya maji yenye nusu gramu ya mfinyanzi, na kila gramu ya mfinyanzi iwe na uso wa nje wa mita mraba 20, makadirio ya chini kwa udongo wa mbuga. Eneo la kuvikwa ni mita mraba 10. Kulivika kwa kiwango cha miligramu 5.5 kwa mita mraba kungehitaji miligramu 55 za protini tupu. Kiasi cha unga wa mbegu kinachotumika kwa maji yenye tope jingi huwa kati ya miligramu 50 na 200 kwa lita. Katika miligramu 100 za unga wa kiini, protini zote pamoja ni takriban thuluthi moja, na zile zinazounganisha tope ni sehemu tu ya thuluthi hiyo. Zaidi ya hayo, vipimo vya nyutroni vilivyotoa tarakimu ya 5.5 vilifanywa katika ukolezi wa miligramu 250 za protini kwa lita, ambao ndoo haiufikii. Hitimisho halikwepeki: pale maji yanapotakata, udongo haujavikwa kikamilifu. Umevikwa viraka.

Hali ya viraka hubadilisha swali. Chembe mbili zikigongana, sehemu yenye kiraka cha protini huweza kuelekea sehemu tupu ya chembe nyingine. Kiraka ni chanya, sehemu tupu ni hasi, na tabaka pacha la umeme, ambalo baina ya nyuso zinazofanana lilizaa msukumano, sasa huzaa mvutano unaoanza mbali, kwa umbali uleule wa wingu. Jaribio linalopaswa kupewa kipaumbele kwa hiyo ni lile lisilo na ulinganifu: karatasi moja ya ulanga iliyovikwa, nyingine tupu. Kulifanya ni kugumu zaidi, kwa kuwa protini inaweza kuhama kutoka uso mmoja kwenda mwingine mara tu zinapogusana, na mgusano wa pili hauwi tena kipimo cha hali ya kwanza. Kwa kawaida mgusano wa kwanza hutazamwa kwa mashaka, na wapimaji hupendelea kurudia mpaka mikondo ilingane. Kwa suala hili mgusano wa kwanza ndio wenye habari, na kuutupa ni kutupa tukio lenyewe.

Muda nao una uzito. Katika kifaa cha ulanga, polima huachwa inate kwa saa nyingi, wakati mwingine usiku kucha, ili tabaka litulie. Katika ndoo, mchotaji hukoroga kwa dakika chache na kuacha maji yatulie kwa saa moja au mbili. Chembe hukutana wakati protini bado inatafuta mkao wake, ikiwa imesimama na haijalala. Kipimo kilichofanywa baada ya usiku mzima huelekea kupunguza umuhimu wa madaraja, kwa sababu molekuli zilizokwisha kulala bapa hazifiki ng'ambo.

Jambo la tatu ni maji yenyewe. Vipimo vingi vya maabara hutumia chumvi moja safi, mathalani bromidi ya potasiamu. Lambo lina kalsiamu na magnesiamu, ambazo kwa chaji zao mbili hubana wingu la ioni zaidi ya sodiamu kwa ukolezi uleule, na lina mboji iliyooza, ambayo yenyewe ni polima yenye chaji hasi. Mboji huishika protini kabla haijaufikia udongo. Sehemu ya dawa inayomezwa namna hiyo haionekani katika jaribio lolote la maji safi, na huenda ndiyo sababu kubwa kuliko zote inayofanya kipimo cha mbegu kisihamishike kutoka lambo hadi lambo. Mvutano wa viraka pia hupungua ufikaji wake kiangazi, wingu linapobanwa kutoka nanomita 10 hadi 3; kwa upande mwingine msukumano wa sehemu tupu nao hupungua, na chembe hukaribia kushikana zenyewe. Ni lipi kati ya hayo mawili linalotawala katika maji ya Septemba haliwezi kuamuliwa mezani. Linahitaji mikondo ya kani iliyopimwa katika maji yaliyochotwa lamboni, yakichujwa udongo na kubakishwa ioni na mboji yake.

Uzito wa suala hili kwa mtumiaji unaonekana katika pande zote mbili za kosa. Mbegu zikipungua, tope hubaki, na tope huwakinga vijidudu dhidi ya klorini. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kiwango cha tope kiwe chini ya NTU 5, na ikiwezekana chini ya 1, kabla ya kuua vijidudu. Mbegu zikizidi, chembe hutengana tena, na juu ya hapo protini na mafuta yaliyobaki majini huwa chakula cha bakteria. Maji yaliyoonekana maangavu jioni yanaweza kunuka kesho yake. Shabu haina tatizo hili la pili, na mtetezi wa mlonge asiyelitaja humpunguzia mtumiaji habari anayoihitaji. Protini iliyosafishwa kutoka kwenye unga na mafuta huliondoa kwa kiasi kikubwa, lakini haipatikani kijijini kwa kinu na kitambaa pekee.

Kutokana na hayo, mpangilio wa vipimo unaoelekea kufaa ungeanza na ulanga mtupu katika maji ya lambo yaliyochujwa, ya masika na ya kiangazi, ili msukumano wa msingi ujulikane. Ungefuata ulanga uliovikwa upande mmoja kwa protini iliyosafishwa, ukiachwa kwa dakika kumi na si kwa usiku mzima, na kila mgusano ukifanyika katika sehemu mpya ya karatasi. Unga ghafi wa mbegu ungekuja baadaye, kwa kuwa mafuta yake huharibu usomaji wa mistari ya mwanga. Sambamba na kila hatua, maji yaleyale yangewekwa katika mitungi sita yenye vipimo vinavyopanda vya protini, yakakorogwa na kuachwa, na tope lililobaki likapimwa. Mtungi uliotakata kuliko yote ndio unaoonyesha ni mkondo upi wa kani unaostahili kusomwa kwa makini, na mtungi uliofuata, ambao tope lake limeanza kurudi, ndio unaopaswa kulinganishwa nao.